Ulishakubali kutoka mapema kwenye nyumba ya kupanga, sasa siku hazikutoshi: usogeze tarehe, urudi kwenye preavi, au utoke hivyo hivyo?

Baba mwenye lupango, yaani mwenye kiwanja na nyumba za kupangisha, alikuja Jumapili, watu wametoka misa. Alikuwa ameshampa dada yangu mdogo preavi, taarifa ya kuhama, ya miezi mitatu, kuanzia tarehe 1 Septemba mpaka 30 Novemba. Karatasi ipo, saini ipo. Siku hiyo akaja na neno jingine. Amepata mtu wa kuingia tarehe 1 Oktoba, mtu wa kazi, analipa vizuri. "Mama, ukinitokea mwisho wa Septemba, garanti yako inayobaki ninakurudishia yote mkononi." Garanti ni ile pesa ya dhamana ya nyumba. Dada akakubali. Alikuwa ameona nyumba Bel-Air, vyumba viwili na saluni ya kukaa wageni, maji ndani ya lupango, na komisionere, dalali wa nyumba, alikuwa ameapa kwamba haiendi popote. Wakaandika mistari minne kwenye karatasi ya daftari la shule, wakasaini wote wawili.

Siku chache baadaye nyumba ya Bel-Air ikachukuliwa na mwingine aliyetangulia kuweka pesa mezani. Simu ya komisionere ikawa inaita tu. Dada akanipigia mimi mkubwa wake saa nne usiku: "Yaya, nifanye nini? Tarehe nimeisaini mwenyewe."

Hapa Lubumbashi, Kongo, mambo ya preavi yenyewe watu wanayajua, hata asiyejua kusoma anajua ni miezi mitatu. Kinachowachanganya ni hatua inayofuata: preavi ilikuwa na tarehe moja, mkakubaliana tarehe nyingine ya karibu, na sasa hiyo ya karibu haiwezekani. Njia ni nne, na ya nne si njia bali ni kujificha. Nitazipanga bega kwa bega, ila usitegemee nizipe nafasi sawa.

Kwanza tuondoe wazo moja ambalo dada yangu naye alikuwa nalo: kwamba miezi mitatu imetolewa na sheria, kwa hiyo unaweza kuirudia wakati wowote unapotaka. Ni kweli sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, ile ya upangaji wa nyumba zisizo za biashara, inampa mpangaji wa nyumba ya kuishi preavi ya miezi mitatu. Lakini hakuna kinachowazuia nyinyi wawili kukubaliana siku ya karibu zaidi. Mkishakubaliana, mnaingia chini ya sheria nyingine ya zamani sana, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo ni ya zamani kuliko mji wenyewe. Lubumbashi ilianza 1910, ikiitwa Elisabethville. Kifungu cha 33 cha dekreti hiyo kinasema mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana, hayavunjwi ila kwa ridhaa ya wote wawili au kwa sababu ambazo sheria inazikubali, na yatekelezwe kwa nia njema. Kwa lugha ya lupango: tarehe 30 Septemba si ya dada peke yake tena. Ni ya watu wawili. Kuibadilisha kunahitaji watu wawili.

Nani alimwomba mwenzake?

Kabla ya kuchagua njia, kumbuka mazungumzo yalianzaje. Wengi wanaruka swali hili, kumbe ndilo linaloonyesha una nguvu kiasi gani mezani.

Kama mwenye nyumba ndiye aliyekuja kukuomba utoke mapema, wewe ndiye uliyempa kitu. Ulikuwa na nyumba mpaka Novemba, ukamwachia miezi miwili. Ukirudi kumwomba siku kumi na tano, hujaja kama mkosaji; unamrudia mtu uliyemsaidia. Neno lako lina uzito, na yeye anajua.

Kama ni wewe uliyeandika preavi, kisha ukamfuata: "Baba, nimepata kazi Kolwezi, niache nitoke mwezi huu," naye akakubali bila kukudai miezi iliyobaki, basi yeye ndiye aliyekupa kitu. Kazi ya Kolwezi ikiharibika ukataka kubaki, unaomba msaada juu ya msaada. Hapo usianze na sheria. Anza na shukrani, kisha bei.

Dada yangu alikuwa wa kundi la kwanza. Hata hivyo hilo peke yake halikutosha kuamua.

Fuata garanti

Nilimuuliza swali moja tu: yule mtu wa tarehe 1 Oktoba, ameshatoa garanti?

Wasioishi kwenye nyumba za kulipia hawaelewi kwa nini swali hili linapita mengine yote. Sheria ya 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu ya loye, kodi ya nyumba. Mwenye nyumba wa kawaida hapa kwetu haweki pesa hizo sandukuni kukungoja. Zilishakwenda kwenye mabati, minervali (karo) za watoto, msiba wa mjomba. Ndiyo maana preavi ikitolewa, mazoea ni "kula garanti": mpangaji halipi tena loye, anakaa miezi mitatu ya preavi huku garanti ya miezi mitatu ikiisha polepole, na siku ya kutoka hakuna anayemdai mwenzake. Miezi mitatu kwa miezi mitatu. Inaingiana kama chungu na mfuniko wake.

Ukikubali kutoka mapema, chungu kinabaki bila mfuniko. Umekula mwezi mmoja, imebaki miwili, na mwenye nyumba lazima atoe pesa taslimu ambazo hana. Atazitoa wapi? Kwa yule anayeingia. Garanti ya mpangaji mpya ndiyo inayomlipa mpangaji wa zamani. Nyumba nyingi za komini za mji huu, kama Katuba, Kenya na Ruashi, zinaendeshwa hivyo, na hakuna ubaya kama kila mtu atasema ukweli.

Kwa hiyo hali ni mojawapo kati ya hizi. Mpya hajatoa pesa: mwenye nyumba hajafunga mlango, na ukimsogezea tarehe unampunguzia deni la kukurudishia. Mpya ametoa lakini wewe hujapokea: mlango umefungwa nusu, sasa mnazungumza watu watatu, si wawili. Mpya ametoa na wewe umeshapokea pesa zako: hapo, dada, fungasha vyombo. Kurudishiwa garanti kisha kukataa kutoka hakuna jina zuri katika lugha yoyote.

Tuweke hesabu. Tuseme loye ni dola 150 kwa mwezi, garanti dola 450. Nyumba mpya ya bei ileile itadai garanti 450, mwezi wa kwanza 150, na komisionere ambaye mara nyingi anachukua sawa na loye ya mwezi mmoja, 150 tena. Jumla 750.

| Unachochagua | Siku ya kutoka | Garanti inayorudi | Kinachopungua kufika 750 |
|---|---|---|---|
| Kutoka hivyo hivyo | 30 Septemba | 300 | 450 |
| Kusogeza siku 15 | 15 Oktoba | 225 | 525 |
| Kusogeza mwezi mzima | 31 Oktoba | 150 | 600 |
| Kurudi kwenye preavi | 30 Novemba | 0 | 750 |

Ukitazama haraka utasema kukaa zaidi kunakufukarisha. Si kweli kabisa. Mwezi unaokula garanti ni mwezi usiolipa loye. Ukiziweka kando zile 150 kila mwezi, siku ya kutoka utakuwa na 450 kwa njia yoyote ile, iwe Septemba, Oktoba au Novemba. Tofauti ni nani ameshika pesa. Ukitoka mapema, unazishika kwa mkupuo mmoja kutoka kwa mwenye nyumba. Ukikaa, unazikusanya mwenyewe, na wewe unajijua kama unaweza kukusanya. Dada yangu anaweza. Mimi, niseme ukweli, siwezi. Mwezi wa kula garanti kwangu unageuka kuwa mwezi wa kula kuku.

Kusogeza tarehe

Hii ndiyo njia ninayompendekezea mtu kwanza, mradi mpangaji mpya hajaingiza mguu. Haivunji makubaliano, inayarekebisha. Mwenye nyumba anabaki na uhakika wake, wewe unapata pumzi.

Inaharibika kwa sababu ya namna watu wanavyoomba. Wanakwenda siku mbili kabla ya tarehe. Wanasema, "Baba, univumilie mpaka nipate nyumba." Hakuna mwenye nyumba mwenye akili atakayesaini "mpaka nipate". Anayesema hivyo anasikika kama mtu asiyetoka kabisa, na kuanzia hapo hata ombi la siku tano litakataliwa. Omba siku zinazohesabika. Toa tarehe. Na utaje bei kabla hujaulizwa: loye ya mwezi gawanya kwa 30, katika mfano wetu dola 5 kwa siku, ikatwe kwenye garanti.

Dada nilimwambia aende jioni, asiende na kundi, amchukue tu baba mkubwa wetu ambaye alikuwepo siku ya kuingia nyumba ile. Na aseme hivi, kwa Kiswahili chetu: "Baba, ile neno nilikubali, siikatae. Nyumba yenye nilikuwa naenda imechukuliwa. Unipe siku kumi na tano, zihesabiwe, na ile siku nitaweka funguo mu mukono yako." Mzee mwenye lupango akisikia "siikatae" mwanzoni, mabega yake yanashuka.

Swali la pili atakalouliza ni la mpangaji mpya. Uwe na jibu. Unaweza kupendekeza mzungumze naye wote watatu. Pengine naye ana preavi yake anakotoka na siku kumi na tano hazimuumizi. Unaweza kumpa chumba kimoja aweke vitu vyake. Nimeona ikifanyika Kampemba: makochi ya anayeingia yamepangwa saluni, magodoro ya anayetoka bado chumbani, wiki nzima, na watoto wa pande zote mbili wakicheza pamoja kwenye baraza.

Mkielewana, andikeni palepale. Maneno haya yanatosha:

*Lubumbashi, tarehe … Septemba. Sisi wawili, mwenye nyumba na mpangaji wa nyumba iliyoko avenue …, nambari …, kartie (mtaa) …, tulikubaliana tarehe … kwamba mpangaji atatoka tarehe 30 Septemba. Leo tunabadilisha tarehe hiyo peke yake: mpangaji atatoka tarehe 15 Oktoba, kabla ya saa sita mchana. Siku hizo 15 zinahesabiwa dola 5 kwa siku, jumla dola 75, zinakatwa kwenye garanti. Garanti inayobaki, dola 225, inarudishwa wakati wa kukabidhi funguo, baada ya kutazama pamoja hali ya nyumba. Mengine ya makubaliano ya kwanza hayabadiliki. Nakala mbili, kila mmoja na yake.*

Neno "peke yake" usilisahau. Bila hilo, kesho mwenye nyumba anaweza kudai kwamba karatasi mpya imefuta ile ya kwanza yote, pamoja na ahadi ya kurudisha garanti. Na usichane karatasi ya kwanza kwa furaha. Zishone pamoja.

Kurudi kwenye preavi ya kwanza

Wengi wanaitaka hii, na wachache wana haki nayo. Unamwambia mwenye nyumba: yale ya kutoka mapema tuyaache, turudi kwenye 30 Novemba.

Yeye akikubali, hakuna mjadala. Ridhaa ya wawili inafuta kilichojengwa na ridhaa ya wawili. Mara nyingine anakubali upesi kuliko ulivyodhani, hasa pale mtu wake wa kuingia naye amemtoroka. Usiogope kuuliza.

Asipokubali, unahitaji sababu, na "nimebadilisha mawazo" si sababu. Sababu nzuri ninayoijua ni hii: yeye mwenyewe hajatimiza upande wake. Tuseme mliandika kwamba atakupa dola 300 tarehe 15 Septemba ili upate kuweka nyumba nyingine, na tarehe 15 ikapita bila hata dola moja. Huwezi kulazimishwa kuhama kwa makubaliano ambayo mwenzako hayatimizi. Lakini hata hapo makubaliano hayafi yenyewe. Mwandikie kwanza, umpe siku chache za kulipa, useme wazi kwamba asipolipa utabaki kwenye preavi ya kwanza. Barua hiyo ndiyo itakayokutetea baadaye. Mpangaji aliyenyamaza akangoja tu anafanana sana na mpangaji aliyekataa kutoka, na mbele ya hakimu kufanana huko ni hatari.

Kuna na wale waliokubali kwa mdomo tu, mlangoni, mmoja ameshika ndoo. Hapo neno lako na lake, na preavi iliyoandikwa inabaki kuwa karatasi pekee. Kwa sheria una nafasi kubwa zaidi. Kwa heshima, sijui utamtazamaje mama mwenye lupango kisimani. Mimi ningeomba kusogeza badala ya kukana.

Na ukumbuke kinachotokea mwisho wa njia hii katika ile hesabu: Novemba ikiisha, garanti imekwisha. Mvua imeshaanza. Kutafuta nyumba Novemba na Desemba, na barabara za kartie zikiwa matope mpaka kwenye ekseli ya kanter, si sawa na kutafuta Septemba wakati udongo bado mgumu. Kwa mwenye watoto kuna upande mwingine: shule zinaanza mwanzoni mwa Septemba, na kuhama Novemba kunaweza kuwabadilishia njia ya shule katikati ya muhula. Pima na hilo.

Kutoka hivyo hivyo, ukalale kwa ndugu

Njia ya mtu aliyeshapokea pesa zake. Au ya mtu ambaye mwenye nyumba wake hasikii ombi lolote. Au ya mtu aliyechoka tu. Hiyo nayo ni sababu.

Faida yake ni moja lakini nono: unatoka na dola 300 mkononi, na katika mji huu nyumba anapewa mwenye pesa mkononi. Nyumba ya Bel-Air ilimponyoka dada kwa sababu hiyo hiyo. Alikuwa na ahadi, mwenzake alikuwa na noti. Ukiwa umelala kwa kaka yako Ruashi na pesa ziko tayari, unaweza kuonyeshwa nyumba saa tatu asubuhi na kuilipia saa tano.

Gharama zake watu hawazihesabu. Unahama mara mbili: kanter mara mbili, vijana wa kubeba mara mbili, kabati linavunjika mguu mara mbili. Friji na makochi yanahitaji mahali pakavu. Watoto wanaoga kwa zamu. Wageni wa siku mbili wanapendwa. Siku ya tatu kuna jembe, na kama ni mwezi mzima basi na unga wa bukari unaanza kupimwa kwa macho. Ukiona utafutaji utachukua zaidi ya mwezi, njia hii inakula ile faida yote. Ukiwa peke yako, au mko wawili bila mtoto, ni nyepesi na pengine ni bora kuliko zote.

Kunyamaza na kubaki

Fupi. Tarehe inafika, unazima simu, unafunga pazia. Ni kweli kwamba mwenye nyumba hawezi kukutolea vyombo nje kwa mikono yake. Kumtoa mpangaji kwa nguvu kunahitaji hukumu. Watu wamelisikia hilo na wanaligeuza kuwa mto wa kulalia. Lakini kila siku unayobaki inahesabiwa juu yako, garanti inaisha, na mpangaji mpya aliyefika na pusupusu lake, mkokoteni wenye vitanda, anaweza kudai hasara yake kwa mwenye nyumba, naye akakugeukia wewe. Zaidi ya hapo, makomisionere wa kartie wanazungumza. Jina lako litatangulia kufika kwenye lupango lijalo.

Mdomo, WhatsApp, barua, au Abita?

Mdomo unafaa kwa kufungua mazungumzo tu. Usiufanye kuwa hifadhi.

WhatsApp ni afadhali kuliko watu wanavyodhani, ikiwa ni maandishi. Ujumbe kama "Baba, kama tulivyosema leo, nitatoka tarehe 15 Oktoba, na garanti inayobaki ni dola 225," naye akajibu "Sawa mama," unaonyesha tarehe, saa na jibu. Sauti ya dakika nne yenye kikohozi, mbuzi na salamu za ukoo wote haisaidii mtu. Na mwenye nyumba anayebadilisha namba za simu kila baada ya miezi mitatu, usimtegemee kwa njia hii.

Barua yenye nakala mbili, nakala yako ikiwa na saini yake kwamba ameipokea, ndiyo kiwango ninachokishikilia. Ikiwezekana pawe na shahidi kila upande.

Abita, ile ofisi ya makazi kwenye komini, inafaa zaidi pale harufu ya ugomvi imeanza kusikika. Kwa sheria ya 2015 ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba unapita kwanza kwa ofisi hiyo ili wajaribu kuwapatanisha. Mkishindwana wanaandika karatasi ya kushindwana, na ndipo mnakwenda Tripaix, mahakama ya amani. Kwa hiyo ukiona mzee amekunja uso tangu mwanzo, peleka barua yako ya kubadilisha tarehe mahali ambapo itapigwa muhuri. Wengine wanapitia kwa shefu wa kartie. Shefu ni mzuri kwa kupoza watu na ni shahidi wa heshima, ila karatasi yake haichukui nafasi ya ile ya Abita.

Neno la pembeni juu ya bili. Tarehe ikisogea, Regideso ya maji na SNEL ya umeme nazo zinasogea. Kwenye lupango lenye milango sita na mita moja, siku kumi na tano za ziada zitaleta kelele kama hamkuandika nani analipa. Mwenye mita ya kununua umeme kabla ya kutumia ana bahati. Akiondoka anaacha yunti zake au anakaa gizani usiku wa mwisho, apendavyo.

Na kama ulichokodi ni butiki au duka la dawa na si nyumba ya kuishi, haya yote yanabadilika. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, na kwa sheria hiyo upangaji wa biashara usio na muda maalumu unavunjwa kwa preavi isiyopungua miezi sita. Hapo pesa ni nyingi zaidi, wateja wameshazoea mahali, na kusogeza tarehe kwa karatasi ya daftari ni mchezo. Tafuta avoka, wakili.

Kuhusu dada: yule mtu wa tarehe 1 Oktoba alikuwa hajatoa hata faranga, alikuwa anangoja mshahara wa mwisho wa mwezi. Baba mwenye lupango alisikiliza, akamtazama baba mkubwa wetu, akauliza kama siku kumi hazitoshi. Wakafika kumi na tano. Nyumba akaipata Kampemba tarehe 9 Oktoba, ndogo kuliko ya Bel-Air, paa halivuji. Asubuhi ya tarehe 15 walizunguka vyumba pamoja, mzee akagusa kila kioo cha dirisha kwa kidole, akakuta kimoja kina ufa na dada akamwonyesha kwenye karatasi ya siku ya kuingia kwamba ufa huo aliukuta. Mzee akacheka. Kisha akahesabu dola 225 juu ya goti lake, akazirudia kuzihesabu, huku kanter ikinguruma nje na wingu la kwanza la msimu likikusanyika upande wa Ruashi.